Siku Niliyomkomoa Muuza Njumu

Naandika haya huku mke wangu akinicheka jikoni, na ana haki. Jumamosi niliingia duka la vifaa vya michezo hapa Sparkbrook, mtaani kwetu huku ughaibuni, kutafuta njumu, maana timu ya kiwandani kwetu ilikuwa inacheza mpira kesho yake. Muuzaji alikuwa anasoma gazeti. Nilimsalimia mara tatu, akanisukumia boksi kwa kiwiko. Nikazivaa njumu, nikazunguka nazo juu ya zulia, zikanikaa barabara. Nikamwomba apunguze kidogo.

"Bei imeandikwa," akasema, macho gazetini.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, dawa ya muuzaji mwenye kiburi naijua. Unamwambia basi, unaondoka polepole, na kabla hujafika mlangoni anakuita. Nikaondoka polepole. Hakuniita. Nikatoka, nikashika njia ya kituo cha basi, na hapo nikasikia ko, ko, ko nyuma yangu. Ananifuata huyu, nikajisemea. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikikaza, naye anakaza. Nikazidi kujivuna, nikakataa kugeuka, nikapanga kumshusha nusu ya bei.

Mara nikasikia sauti yake ikiita kutoka mbali kabisa, mlangoni mwa duka. Nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikatazama miguu yangu, na foleni nzima ya basi ikaitazama pia.

Muuzaji alikuwa amenyanyua viatu vyangu vikuukuu kwa vidole viwili.

"Bwana," akaita, kwa adabu kwa mara ya kwanza, "na hivi nikufungie?"