Mgeni wa Kwenye Kidumu

Sawa shangazi, ni kweli mimi hakuna aliyenifundisha kucheza. Nilitambaa, nikala udongo wa nyuma ya jiko lako, halafu siku moja nikaanza kuburutwa na watoto wa jirani kwenye gome la mgomba, basi. Lakini si kila mtoto anapita njia hiyo. Wapo wanaosimama mlangoni wakiangalia wenzao na hawajui pa kuingilia. Hao ndio wanafundishwa.

"Wanafundishwa kucheza," shangazi akarudia, kama mtu anayerudia maneno ya mlevi. Alikuwa anamenya ndizi za jioni, kisu kinakwenda chenyewe, yeye hata hakitazami. "Nimekusomesha mpaka form four ili uende Chonyonyo kucheza na mdoli. Halafu unarudi unasema umechoka."

"Nachoka kweli."

"Mimi nimepalilia tangu asubuhi. Labda na mimi ningepewa mdoli."

Nikamwambia asikilize. Mtoto akishika kijiti akakiweka sikioni akasema ni simu, kichwani mwake kuna kazi kubwa inafanyika, maana anaona kijiti na anaona simu kwa wakati mmoja. Akimrushia mwenzake mpira akangoja urudi, hapo anajifunza kungoja, na kungoja huko kutamfaa darasani, dukani, kwenye foleni ya maji, kila mahali.

"Na wewe kungoja ulijifunzia wapi?" shangazi akauliza. "Maana sioni."

Niliosha sufuria. Ila leo nilikuwa na furaha ambayo hata shangazi hakuweza kuiharibu, na nikaona nikae niandike kabla haijapoa.

Mimi nafanya kazi ya kujitolea kwenye kliniki ya watoto waliochelewa kukua: wa kuchelewa kutembea, wa kuchelewa kusema, wa aina hiyo. Dada mmoja mtaalamu alitufundisha, na sasa tunatembelea majumbani. Tunaenda na begi lenye kikombe cha plastiki, kijiko, mdoli wa kitambaa, vipande vya mbao na mpira. Unaweka vitu mbele ya mtoto, unaangalia. Anavigonga tu? Anavitia mdomoni? Anatia kijiko kwenye kikombe? Anamlisha mdoli? Anakupa na wewe zamu yako? Ukishajua yuko wapi, unamfundisha hatua inayofuata, hiyo moja tu. Ndiyo kazi yenyewe. Ukiisimulia inaonekana nyepesi.

Mtoto ninayemzungumzia ni wa kike, ana miaka mitano, na maneno yake ni machache sana. Alichelewa kutembea mpaka majirani wakachoka kuuliza. Mama yake anafanya vibarua kwenye vibanja vya watu, kupalilia migomba, kuchuma kahawa, na baba yake yuko mbali kikazi. Kwa hiyo mtoto anabebwa kwenda kibaruani, na wenye vibanja hawapendi. Mama ana dada yake Kyerwa ambaye amekubali kumchukua. Lakini huyo dada naye anashinda gulioni, amesema wazi kwamba mtoto atakuwa anabaki ndani na mlango umefungwa mpaka jioni. Mama hataki. Alisema hataki mara ya kwanza tulipoonana, akiwa anatazama chini, halafu akasema, "Lakini nifanyeje."

Njia nyingine ilikuwa moja: darasa la awali la shule ya jirani. Mwalimu wa pale si mbaya. Alisema, "Kuongea ataongea baadaye. Mimi ninachotaka kujua, nikigeuka kuandika ubaoni, huyu akiachwa na wenzake atafanya nini? Kama anaweza kucheza na mwenzake, hata mmoja, mleteni. Kama hawezi, atanikimbilia barabarani, na barabara iko pale." Dada wa Kyerwa anakuja kumchukua Jumapili. Leo ni Ijumaa.

Sasa shida ilikuwa hii: mimi huyo mtoto sikuwahi kumwona akicheza. Hata kidogo.

Nilikwenda kwao mara kadhaa, na kila safari ilikuwa hivi. Natuma ujumbe siku moja kabla, kama tulivyofundishwa, ili tumkute mama nyumbani. Nafika, nakuta uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Ndani kumetandikwa nyasi mbichi chini, zinanukia. Kiti kimoja cha nyumba kimewekwa katikati, nakalishwa mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba dokta."

"Mama, mimi si dokta."

"Haya dokta. Karibu."

Halafu naletewa kahawa ya kutafuna, ile ya kwetu iliyochemshwa na majani ikakaushwa, imefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Mama anainamisha magoti, ananipa kwa mikono miwili. Natafuna. Naulizwa habari za kwetu, za safari, za wote. Huwezi kuruka hapo, hata uwe na haraka namna gani, na mimi haraka ninayo.

Na mtoto? Mtoto amekaa kwenye mkeka, amepakwa mafuta mpaka paji la uso linang'aa, amevaa gauni jeupe la kanisani lenye vitambaa vya kujikunja shingoni, soksi na viatu. Anapiga magoti kunisalimia, anarudi kukaa, mikono mapajani. Naweka mdoli mbele yake. Anamtazama mdoli, anamtazama mama yake. Naweka kikombe. Hivyo hivyo. Nagonga kijiko kwenye kikombe, najifanya nakunywa, najifanya uji wa moto umeniunguza, natoa sauti zote. Mama anacheka, mimi jasho linanitoka, mtoto kimya kama amekaa mbele ya padri. Narudi kliniki, yule dada mtaalamu ananiuliza, "Anacheza na nini?" Najibu, "Hachezi." Ananiambia, "Rudi." Narudi, hivyo hivyo. Juzi nilifika mahali nikamwambia dada kwamba mtoto huyu tukubali, bado hajafikia. Dada hakubisha. Alisema, "Basi Jumatatu tutamjulisha mwalimu." Nilipanda pikipiki kurudi nyumbani Nyakahanga nikiwa nimekasirika, na sikujua nani nimkasirikie.

Leo sikuwa na safari ya kwao. Nilitumwa nyumba nyingine, mbele kidogo, na wenyewe sikuwakuta, walikwenda msibani. Bodaboda wangu alikuwa ameshaondoka. Nikaanza kutembea kurudi, jua limeshika utosini, kiu imenibana, na nyumba ya yule mtoto iko njiani. Nikasema napita niombe maji tu. Sikutuma ujumbe. Sikubisha hata hodi ya mbele, kwa sababu nilisikia fimbo nyuma ya nyumba, puu, puu, mtu anapura maharage. Nikazunguka.

Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope. Aliponiona fimbo ilibaki juu.

"Dokta. Hukusema."

"Nimepita tu, mama. Naomba maji."

"Subiri, subiri, ngoja nimvalishe mtoto."

Mtoto alikuwa amekaa kwenye lundo la makapi ya maharage. Fulana ya mtu mzima imemfika magotini, imechanika bega moja, miguu mitupu, kichwa kimejaa makapi. Mama alikuwa tayari ameanza kumfuata ili amvute ndani. Sijui ni nini kilinifanya niseme, "Mwache mama. Mwache hivyo hivyo." Labda ni uchovu tu. Sikutaka kungoja mtu avalishwe soksi.

Mtoto akanitazama. Akanyanyuka. Akaenda ukutani, akaburuta kidumu kitupu cha mafuta, akakilaza mbele yangu, akakipigapiga kwa kiganja. Pa, pa. Nikatazama kidumu, nikamtazama yeye. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, kama unavyomwambia mtu mzito wa kuelewa.

Nikakaa.

Akaenda kwenye mgomba wa karibu, akachana kipande cha jani. Akarudi kwenye makapi, akachagua maharage yaliyobaki, moja moja, akayaweka kwenye jani, akakunja upande huu, akakunja na upande ule. Akaja nalo taratibu. Akainamisha magoti. Akanipa kwa mikono miwili.

Na mimi, mwalimu wa kucheza, nikalifungua jani nikasema, "Oo, maharage," nikatoa kikombe kwenye begi nikaanza somo langu: "Tia ndani. Tia." Mtoto alinichukulia kikombe mkononi bila ugomvi, akakiweka chini mbali na mimi, akalikunja upya lile jani, akanipa tena.

Nyuma yangu fimbo ilikuwa imenyamaza. Mama akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu akaegemea fimbo.

"Dokta, unakaribishwa kahawa. Tafuna basi, mbona unamwaibisha mwenye nyumba?"

Nikachukua harage, nikajifanya natia mdomoni, nikatafuna hewa. Mtoto alikuwa anaangalia taya langu. Aliporidhika, na yeye akachukua lake, akalipitisha mbele ya midomo, akaficha kwenye ngumi, akatafuna hewa kama mimi. Alijua kabisa kwamba si kahawa. Alijua kabisa kwamba hatuli. Mchezo wa kujifanya, wenye mwanzo na mwisho, wenye watu wawili, kutoka kwa mtoto niliyesema kwamba hachezi.

Kumbe zile safari zote nilizodhani zimepotea, nikigonga vijiko kama mwendawazimu, yeye alikuwa anaangalia kitu kingine. Alikuwa anaangalia mgeni anavyopokelewa. Kiti, jani, magoti, mikono miwili. Mgeni mwenyewe nilikuwa mimi.

Nikasema nijaribu hatua inayofuata. Nikainuka, nikakipigapiga kidumu, nikamwambia, "Karibu mgeni." Akakaa. Miguu ilining'inia. Nikaenda kuchana jani, nikafanya polepole makusudi, nikajifanya natafuta maharage siyaoni. Alingoja. Hakunifuata, hakukimbia, alingoja huku ameweka mikono mapajani kama watu wazima. Nikampa. Akatafuna. Akashuka, akanionyesha kidumu: zamu yako. Tukaenda hivyo, yeye mimi, mimi yeye, mpaka nikasahau kiu. Mwisho nikamtoa mdoli, nikamsimamisha pembeni nikanyamaza. Mtoto akamtazama. Akamchukua, akamkalisha juu ya kidumu. Mdoli akaanguka. Akamkalisha tena, akaanguka tena. Basi akamwinamia, akamwambia kwa lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ya kukaripia kabisa, "Kaa."

Mama akageuka. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hilo neno hajawahi kumwambia mtu."

"Leo amemwambia mgeni."

Alipura maharage kwa nguvu baada ya hapo, bila kunitazama, na mimi nikajifanya naangalia begi langu. Baadaye, tukinywa maji, nikamuuliza kuhusu lile gauni jeupe. Akanishangaa.

"Sasa mtu anatoka kliniki, nimwonyeshe mtoto mwenye makapi kichwani? Mkaandike kwamba nimemtelekeza? Nilikuwa namuonya kabisa: ukichafua gauni, ukigusa vitu vya mgeni, nitakuchapa. Na kweli hakugusa. Mtoto msikivu huyu."

"Msikivu sana, mama."

"Tena wewe ulikuwa unamwekea mdoli hapo hapo. Nilikuwa nasema moyoni, huyu dokta anamjaribu mwanangu kama ana tamaa."

Tulicheka mpaka mtoto akaja kutuangalia. Ningekuwa mahali pa mama na mimi ningemvalisha gauni. Shangazi angenivalisha mimi mawili. Mgeni hapokelewi na mtoto mchafu, hata kama mgeni mwenyewe amekuja kutafuta uchafu.

Nikampigia dada wa kliniki nikiwa bado uani. Nilisimulia haraka mpaka akaniambia nianze upya. Alipoelewa akasema, "Vizuri. Lakini mwalimu wa awali hakuuliza kama anacheza na wewe. Aliuliza kama anacheza na mtoto mwenzake." Kidogo niudhike. Ni kweli lakini. Mtu mzima anamfuata mtoto, anangoja, anakaa anapoambiwa akae. Mtoto mwenzake ataiba maharage na kukimbia nayo. Nikampigia mwalimu. Sauti yake ilikuwa na kelele za darasa nyuma. Nikamwomba aje aone mwenyewe kesho, Jumamosi, kabla dada wa Kyerwa hajafika. Akakubali, ila akasema kusimuliwa hataki, ataangalia kwa macho yake.

Mama aliposikia, akauliza, "Nimwambie dada yangu asije?"

"Mwache aje, mama. Aje amtembelee tu."

Sina uhakika kwa nini nilisema hivyo kwa ujasiri. Lakini nilipokuwa natembea kurudi barabarani nilijisikia mwepesi, kama nimetua mzigo wa kuni niliousahau kichwani. Wiki nzima nilikuwa nimembebesha huyu mtoto jibu lisilo lake.

Kesho naondoka shangazi akiwa bado anawasha moto. Nitapita kwanza nyumba ya jirani ya yule mama, pale penye mapacha wanaosoma darasa la awali, nitawaomba kwa mama yao kwa saa moja tu, na nitawapeleka kwa njia ya nyuma ya nyumba. Mwalimu nitamkalisha jikoni kwa mama, penye upenyo wa kuchungulia uani. Begi nitaliacha nyumbani. Mapacha wakipora maharage, sitaingilia. Mtoto akinitazama nimsaidie, nitahesabu pumzi zangu na nitangoja.