Mhakiki wa Pili

Profesa ndiye aliyenifundisha kuhakiki makala za watafiti wenzetu kabla hazijachapishwa. Nilikuwa mwanafunzi wake. Alitaka kila makala isomwe mara mbili: kwanza kwa kumwamini mwandishi, kisha kwa kumshuku. Maoni yake siku hizo yalikuwa marefu na makali, lakini yalimjenga mtu.

Baadaye nikawa mhadhiri katika idara yake. Mwaka juzi jarida moja lilinipa makala kuhusu akina mama wakimbizi wa Kikongo wanaouza vitenge hapa Kampala, na jinsi wanavyowatibu watoto wao homa. Ilikuwa na kasoro, lakini aliyeiandika alikaa na watu akawasikiliza. Nilipendekeza irekebishwe.

Mhariri aliikataa. Akaniletea pia maoni ya mhakiki wa pili, bila jina: mistari michache tu. "Mwandishi haelezi aliwapataje akina mama hawa." Nikashtuka, maana maelezo hayo yalijaza ukurasa mzima. Mwishoni paliandikwa, "Kazi hii bado mbichi." Maneno hayo niliyajua. Yalijaa kwenye rasimu za tasnifu yangu, kwa mwandiko wa Profesa.

Nilimkuta Profesa kwenye mkahawa mtaani Kabalagala, akila samaki. Sote wawili tulikulia kwenye kambi za jeshi, watoto wa askari, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya wote, kwa hiyo tuliongea Kiswahili kama kawaida yetu.

"Profesa, ile makala ya akina mama wa vitenge uliisoma?"

"Binti yangu, kwa umri huu ukurasa wa kwanza unatosha. Makala mbovu naijua kwa harufu."

Nikamfungulia kwenye simu ukurasa ule wenye maelezo ya akina mama walivyopatikana. Akavaa miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Mwandikie mhariri," nikasema. "Bado anaweza kubadili uamuzi."

Akavua miwani. "Nikikiri hii, wataniuliza zile nyingine nilizisomaje."

"Ulizisomaje?"

Akanawa mikono, akaondoka.

Nilimwandikia mhariri mwenyewe. Alijibu kwa adabu kwamba mhakiki yule ana uzoefu kunishinda.

Profesa na mimi bado tunasalimiana kwenye ngazi, na hakuna anayeligusa jambo lile. Mwandishi sikumjua kamwe, maana makala huja kwa mhakiki bila jina. Nikipita mtaa wa Kisenyi nikaona kijana amechuchumaa kando ya muuza vitenge, anauliza na kuandika, mimi hupunguza mwendo. Natamani kumuuliza kama ni yeye. Lakini mhakiki haruhusiwi, na hata ningeruhusiwa, sijui ningemwambia nini.