Shikamoo Katika Utusitusi

Mwalimu mstaafu wa kule Bugomora amefariki dunia, nami habari zimenifikia akiwa ameshazikwa kibanjani kwake. Ninyi mnaoifuata safu hii mmewahi kumsikia: ndiye aliyekuwa akiniandikia barua za kunikosoa. Ya mwisho ilihusu ukungu wetu wa asubuhi, ambao mimi niliuita giza. “Giza halina mwanga,” aliandika. “Ule ni utusitusi. Mwanga upo, unaona kabisa mtu anakuja, ila humtambui ni nani.” Herufi zilikuwa kubwa mno, maneno manne tu yakajaza mstari. Nikadhani ni hasira.

Baadaye nilipita kwake kwa bodaboda, mchana kweupe. Alikuwa ameketi barazani, kahawa imeanikwa uani. Kabla sijafungua mdomo akasema, “Shikamoo.” Mzee wa miaka themanini aniamkie mimi! Nikajua anazitania mvi zangu. “Marahaba, mwanangu,” nikamjibu, nikacheka. Aliposikia sauti yangu naye akacheka, akanisogezea kigoda. “Kaa unisomee safu yako.” Nilikuwa na haraka. Nikamwekea gazeti mapajani: “Utajisomea mwenyewe, mwalimu, bodaboda ananisubiri.” Akalikunja polepole, akashukuru.

Jumamosi nilikwenda kuhani. Binti yake akanitolea gazeti lile, limekunjwa vilevile. “Baba alikuwa haoni vizuri, mwaka wa pili sasa,” alisema. “Yeye ndiye aliyemwamkia kila aliyeingia hapa, hata wajukuu. Alisema afadhali amwamkie mtoto kuliko kumvunjia heshima mzee mwenzake.” Akanyamaza kidogo. “Alikuwa anangoja mtu wa kumsomea. Sisi tunashinda shambani.”

Niliona aibu, na bado ninayo. Mwalimu alinieleza kwa mkono wake jinsi siku zake zilivyokuwa, mimi nikaisoma barua kama somo la msamiati. Sisi tunaoishi kwa kuandika tunayapenda sana maneno ya watu, wenyewe tukawaacha barazani peke yao. Basi, ukiingia kwa mzee, taja jina lako kabla ya salamu, na akikusogezea kigoda, keti. Mimi nililitaja langu kaburini, kati ya migomba, nikamwamkia, nikafungua gazeti na kumsomea safu mpaka mwisho. Ilikuwa na makosa mawili. Hakuna aliyenikosoa.