Barafu ya Mama Mkwe

Mama mkwe alifika kwetu Gatina akiwa amevaa viatu vyeusi vya kanisani, na siku zilizofuata hakuvivua ila wakati wa kuoga. Alikuwa ametembea kutoka Gatwekera, kule Kibera, akikwepa barabara kubwa, mkoba mmoja begani. Nyumba yake na zote zilizopakana nayo zilikuwa zimeteketea asubuhi ile, katika fujo zile za baada ya uchaguzi. Nilimpa kiti, akaketi ukingoni kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Kwao, Magharibi, mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mimi Mkamba wa Machakos ningesema nini? Nilimpa kitanda chetu, akakataa. Nikamtandikia godoro sebuleni, akasema godoro na kitanda ni ndugu. Basi alikuwa akisinzia kwenye kiti, viatu mguuni, na kila asubuhi aliniambia vilevile.

"Leo narudi."

"Unarudi wapi, Mama?"

"Kwangu."

Roho ilikuwa ikinipanda. Kwake hakukuwako tena, na sote wawili tulijua.

Ndani ya mkoba ule mlikuwa na chupa ya insulini. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, akijidunga sindano asubuhi na jioni. Kule Kibera dawa yake ilikaa kwenye friji ya baa moja ya Kisumu Ndogo, katikati ya bia, kwa sababu mwenye baa alikuwa ameacha kanisa lakini hakuacha heshima. Sasa chupa ilikuwa moja tu, na kliniki iliyompa ilikuwa upande wa pili wa mji, nyuma ya barabara zilizozibwa kwa mawe na matairi ya moto. Nesi alikuwa amemwonya: ikae kwenye baridi, lakini isigande. Nasi tulikaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya mabati, mwezi wa Januari. Mchana ukigusa ukuta mkono unarudi wenyewe.

Friji hatukuwa nayo. Tulikuwa na mashine ya barafu.

Usicheke. Nilikuwa mpishi kwa watu fulani kule Lavington, na ghasia zilipoanza walifunga masanduku wakaenda uwanja wa ndege. Mwenye nyumba aliniambia nichukue kitu chochote jikoni. Mwenye akili angechukua mchele. Mimi nilibeba mashine ndogo, kimo cha ndoo, ambayo ukiitia maji inanguruma kidogo kisha inatema vipande vya barafu. Mume wangu alipoiona alicheka hadi akakaa chini.

"Unga hatuna, lakini barafu iko," alisema. "Si hata tufungue hoteli."

Mama alipokuja na chupa yake kicheko kilikwisha. Nilijaza barafu kwenye flaski pana ya chakula, nikaitia chupa ndani ya soksi safi isigusane na barafu, nikafunika. Barafu iliyeyuka haraka kwa joto lile, kwa hiyo mashine ilibidi ifanye kazi mchana kutwa. Hapo ndipo ilipoanza maringo.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Nilikuwa nikitoka kutafuta unga na mafuta taa, duka hili limefungwa, lile lina foleni, na moyo wangu wote uko nyumbani. Nikirudi nakuta taa nyekundu inawaka, mashine kimya, ubavu wake wa moto kama sufuria, na flaski imejaa maji. Mama yuko ukingoni mwa kiti chake.

"Imezima," ananiambia, kana kwamba sioni.

Nilimpigia mume wangu. Alikuwa bawabu wa ghala huko Industrial Area, na mwenzake wa zamu hakuwa ameonekana, kwa hiyo alikwama kazini. Kredo ya simu ilikuwa haipatikani, nasi tuliongea kama watu wanaokimbizwa.

"Ni stima. Stima ya plot yetu ni mbovu, si unajua. Toa kwa extension, weka kwa ukuta direct."

Nikaitoa kwenye waya wa kuunganisha, nikaichomeka ukutani moja kwa moja. Kesho yake ikazima tena.

"Basi ni vumbi. Huko nyuma iko na wavu, piga brashi."

Sikuwa na brashi. Nilitumia mswaki wa mume wangu, na sijamwambia mpaka leo. Vumbi lilitoka, la Lavington na la Gatina pamoja. Nikaisogeza mbali na ukuta, nikatia maji ya mtungi yaliyopoa badala ya yale ya jerikeni lililokaa juani. Ikanguruma vizuri mno, nikaiimbia wimbo. Mchana nilirudi nikakuta taa nyekundu.

Wakati huo chupa ilikuwa imebaki chini ya nusu. Jioni moja nilipoishika ilikuwa vuguvugu. Mama alijidunga hivyo hivyo. Nilikaa namtazama usoni kama mwizi, nikitafuta jasho, nikitafuta kutetemeka. Dawa ikiharibika atakufa hapa kwenye kiti changu, nilijiambia, na viatu vyake mguuni.

Siku iliyofuata nilirudi mapema kwa sababu mabomu ya machozi yalikuwa yamefukuza foleni nzima. Mashine ilikuwa bado inahangaika, haijazima. Nikapiga magoti kando yake. Nikaondoa kitambaa kilichoifunika, nikaweka kiganja ubavuni penye vitundu, na nikasikia ikinipumulia mkononi, pumzi ya moto, ya nguvu. Nilishusha roho. Nikainuka, nikarudisha kitambaa mahali pake, na mkono wangu ukiwa bado pale, pumzi ikakatika.

Kitambaa! Nyumba ipi ya kwetu haina kitambaa juu ya kila kitu? Juu ya redio, juu ya meza, migongoni mwa viti. Mtu hakioni, sawa na asivyoiona pua yake. Hiki kilikuwa kikubwa, cha uzi mzito wa sweta, bluu na nyeupe, kimefumwa maua pembeni, na kwa kuwa mashine ni ndogo kilikuwa kimekunjwa mara mbili, kikaning'inia hadi chini. Kila asubuhi baada ya chai Mama alikitandika. Nami kila nilipokiondoa nikague mashine, nilikirudisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikinyakua nikamgeukia.

"Mama, hiki ndicho kinaua mashine! Inataka hewa! Unataka kufa? Kitoe hapa, sitaki kukiona!"

Hakupandisha sauti. Alikichukua mkononi mwangu, akakilaza magotini, akaanza kukinyoosha.

"Nilikifuma cha TV yangu," alisema. "Moto ulipokuja nilivuta hiki nikidhani nimeshika blanketi. Ndicho kimetoka." Akaendelea kukinyoosha maua. "Sasa niambie nikiweke wapi."

Machozi yalinitoka, na safari hii hayakuwa ya mabomu. Mashine, ikiwa uchi, ilitema barafu yake ya kwanza ya mchana, na hatukuigeukia sote wawili.

Tulikuwa na televisheni ndogo pembeni, na juu yake kitambaa cheupe alichonipa mama yangu nilipoolewa. Nilikitoa, nikakitia kabatini. Nikachukua cha Mama, nikakikunjua mikunjo yote, nikakitandika pale. Kilienea sawasawa, maua mbele, hata inchi moja haikuzidi. Na kama televisheni nayo ingezimika kwa joto, izimike. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku, haikuwa na la kutuambia.

Chupa ile ilidumu mpaka barabara zilipofunguliwa na tukaenda kliniki kuchukua nyingine. Lakini siku ile hatukujua kama itadumu. Mama alikitazama kitambaa kwa muda, kisha akainuka.

"Umekiweka upande," alisema.

Akavuta pembe ya kushoto kidogo, akarudi nyuma, akatazama tena. Kisha akaketi, safari hii akaegemea, akainama akafungua kamba, akavua viatu.