Ulianguka au Uliangushwa?

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na wanafunzi wangu wa leo hawana shida kumwamini. Kwa hiyo mnielewe nikisema kwamba kosa kubwa la maisha yangu ya ukunga nililifanya kwa upole, nikitabasamu, nikimpa mwanaume kiti changu.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni haikuwa ikifika tena hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, dawa zilikuja siku zilipotaka, na sisi wa maternite, nyumba ndogo ya kuzalishia ya mtaa wa Mikelenge, tuliandika habari za wagonjwa nyuma ya karatasi kuukuu za reli. Upande wa mbele kulikuwa na mizigo ya mafuta ya mawese iliyosafiri kabla sijazaliwa, upande wa nyuma kulikuwa na wanawake wenye mimba. Safu ya mwisho tuliipa jina la "Sababu". Mama akija na alama mwilini, hapo ndipo tulipoandika kilichompata.

Wageni wa misaada walikuwa wametuletea karatasi yao ya maswali. Iliuliza kama aliyemtendea mama ubaya alikuwa na silaha, na kama alivaa nguo za kijeshi. Basi, iliishia hapo. Mume hakuwemo kwenye karatasi ile, wala kichwani mwangu. Niliamini ubaya wote ulitoka porini ukiwa umevaa mabuti. Mwanamke akiniambia hakukutana na watu wa silaha, nilishusha pumzi nikaandika "ameanguka". Wanawake wa Kindu walianguka sana miaka ile. Walianguka kisimani, walianguka jikoni, walianguka mlangoni kwao mchana kweupe. Nilifika mahali pa kuwaambia wenzangu tuwafundishe akina mama kutembea kwenye matope. Nikikumbuka maneno hayo hata leo natamani kujizaba kofi.

Siku ya kilo, ndivyo tunavyoita siku ya kupima mimba kwa sababu ya ule mzani, alikuja msichana mmoja na mumewe. Mimba ilikuwa ya miezi minne. Mume alifanya biashara ya chumvi na sabuni, akisukuma baiskeli kati ya Kibombo na Kindu. Msichana mwenyewe alitoka upande wa Tunda, kwa wakulima. Mwanaume kumsindikiza mkewe kwenye kilo lilikuwa jambo la kutazamwa. Huyu alimshikia mkewe fishi, yaani kadi yake ya mimba, alimfutia vumbi benchi, alisalimia kila mtu kwa sauti ya chini. Nilifurahi mno. Nikamtolea kiti changu, nikawaambia wanawake waliokuwa kwenye mstari, "Munaona bwana wa kweli? Mukamuonyeshe wenu!"

Msichana alikuwa na mkono uliovimba kuanzia kiwiko. Nikauliza kimetokea nini. Mume ndiye aliyejibu.

"Alianguka, mama. Kisimani. Namukataza kubeba maji, hasikii."

Msichana alitazama miguu yake. Nikaandika "ameanguka", nikafunga mkono kwa vipande vya mianzi, nikamwambia asikie maneno ya bwana wake. Ndiyo, nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mwezi uliofuata walirudi, yeye akiwa na jicho jekundu na alama za vidole shingoni. Kisima hakina vidole. Hapo hasira yangu ilipanda, na kwa kuwa hasira yangu haijui kusubiri zamu yake, nilimfokea yule mwanaume papo hapo, mkewe akiwa katikati yetu. Nilimwambia aone haya, nilimwambia mtoto tumboni anasikia. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Asante, mama. Nimesikia." Niliondoka kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Msichana hakuonekana siku ya kilo iliyofuata, wala ile nyingine.

Mkubwa wetu kazini alikuwa mkunga mzee wa ukoo wa Kiislamu wa hapa hapa Kindu, mwanamke mfupi aliyefunga kilemba cheupe na kuongea Kiswahili cha taratibu. Nilipomweleza, nikitegemea sifa, aliweka chini mkasi aliokuwa akiuchemsha.

"Binti yangu, wewe ulitoa hasira yako. Nani alibeba bei yake?"

Akafuta mikono kwa kanga yake, akaendelea.

"Wewe ulirudi kwako. Yeye alirudi na ule bwana. Maneno yako yote yeye aliyalipia njiani."

Nililia pale pale mbele ya jiko la mkaa, kwa aibu, maana nilijua ni kweli. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akanipa kitambaa, halafu akanipa kazi.

"Kwanza, unauliza mbele ya bwana. Pili, unauliza vibaya. Unamuuliza kama alianguka. Muulize kama aliangushwa. Neno njo moja, iko tu na mukia tofauti. Muntu mwenye kuogopa hawezi kukutungia habari yote, lakini mukia ya neno anaweza kuitoa."

Ilibaki namna ya kumtenga mume. Tungemwambia atoke nje, angetaka kujua sababu, na sababu ile angeimalizia kwa mkewe nyumbani. Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu, limepangwa dirishani: makopo matupu ya tomati, zile nyanya za kopo. Vipimo vya kisasa vilikuwa vimetuishia, kwa hiyo mkojo wa akina mama tuliupima kwa kuuchemsha kwenye moto. Ukigeuka mweupe kama maji ya kuoshea mchele, tulijua mama yuko hatarini. Kila mwanamke alipewa kopo akaenda nyuma ya maternite, kwenye choo cha matete. Na mwanaume anayejiheshimu, hata awe na wivu wa namna gani, hamfuati mwanamke anayeshika kopo la mkojo.

Tangu wiki ile tukaweka sheria. Kila mama, hata yule aliyekuja peke yake, anaanza na kopo, na mkunga anamsindikiza. Huko nyuma ya matete, kwa sauti ya kawaida kabisa, tunauliza swali moja. Wiki ya kwanza niliwauliza tisa, na wanne walinijibu kwa ule mkia wa pili. Wanne, mimi niliyetaka kuwafundisha kutembea!

Yule msichana alirudi mimba ikiwa ya miezi minane. Mumewe alimleta nyuma ya baiskeli kwa sababu damu ilikuwa imetoka kidogo na yeye mwenyewe aliingiwa na hofu. Niliwaona getini. Nilijua nikiharibu tena sitampata tena, na huenda asibaki wa kupatikana. Nikamkaribisha mume, nikampa kile kiti tena, nikatabasamu kwa meno yote.

"Karibu, baba. Pumuzika. Sisi tunaanza na mukojo."

Akamwangalia mkewe, akaangalia kopo, akageuza uso upande wa barabara.

Nyuma ya matete msichana alisimama ameshika kopo kwa mkono ule niliofunga vibaya, umepona ukiwa umepinda kidogo. Sikugusa bega lake, sikumpa pole. Niliuliza tu.

"Tumbo hili. Ulianguka, ao uliangushwa?"

Aligeuza kopo mkononi. Mbuzi wa jirani alilia, mwanamke mwingine akakohoa akingoja zamu. Nilikuwa nimeuma ulimi ili nisiongeze neno, jambo ambalo kwangu ni kazi kuliko kuzalisha mapacha.

"Niliangushwa," akasema. Kisha akachungulia kati ya matete. "Mama munganga, usimuambie. Ukimuambia nakufa."

"Simuambii kitu. Wewe unataka nini?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifikiri kwanza.

"Nataka mutoto azaliwe muzima. Na shangazi yangu. Nataka shangazi yangu."

Kumpeleka mume mbele ya sheria? Sheria gani, mwaka ule, mji umejaa bunduki? Nyumba ya kukimbilia haikuwepo. Lakini nyuma ya maternite tulikuwa na kibanda cha udongo cha kungojea, walipolala akina mama wa mbali hadi wajifungue. Na tumbo lililopigwa, lenye kutoa damu, halirudi nyumbani kwa baiskeli; hilo ni ukunga, si ujanja. Mkubwa wetu alitoka akamwambia mume, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba mtoto yuko hatarini, mama atalala hapa mpaka azae, na kwa desturi ya nyumba hii anayemlinda mgonjwa ni mwanamke wa ukoo wake. Alisema "mtoto wako" mara nyingi. Mume alikubali, akamwachia mkewe kanga na sufuria.

Habari ilikwenda Tunda kwa wasukuma baiskeli wa mpunga. Shangazi alifika baada ya siku nyingi kwa miguu, mwanamke mrefu mwembamba, kikapu cha mchele kichwani na jembe begani. Nilimuuliza jembe la nini. "Siwezi kuacha jembe nyumbani, nikirudi nitalikuta kwa nani?" Alimkumbatia mtoto wa kaka yake, akaupapasa ule mkono uliopinda.

Wiki mbili zikapita. Siku ya kilo, jua limeshapanda, mume akarudi. Safari hii hakusalimia mtu.

"Nakuja kuchukua bibi yangu. Muliniambia damu imesimama."

Nikasimama njiani. Nikamwambia damu imesimama kwa sababu amelala. Akanisukuma kwa bega, nikayumba mpaka ukutani. Kile kibanda kilikuwa hatua kumi tu, na mlangoni nilimwona msichana ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

Mstari mzima wa wanawake ulikuwa njiani, kati ya choo na dirisha letu. Sikuwaita. Mmoja, mwenye tumbo la mapacha, ndiye aliyesogea kwanza na kusimama mbele ya yule mwanaume. Wa pili akasimama kando yake, na wa tatu, na wote, miguu imevimba, na kila mmoja mkononi ana kopo lake la tomati, limejaa na bado la moto.

"Baba," yule wa mapacha akasema kwa heshima zote, "pita tu. Lakini utatoka hapa unanuka."

Hakuna aliyemwaga hata tone. Walisimama tu, makopo yameinuliwa kifuani. Mwanaume yule aliangalia shati lake, shati jeupe la mfanyabiashara, akaangalia makopo, akarudi nyuma hatua moja. Shangazi akajitokeza nyuma ya wanawake na jembe lake.

"Tulikupa mutoto mwenye mikono mbili mizima," akasema. "Huu moja uliupinda. Nitarudi naye kwetu akishazaa. Ukitaka maneno, njoo Tunda, utakuta baba zake wamekaa."

Mume akageuza baiskeli yake. Kicheko kilichoanza nyuma yake kilikuwa kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena, wanawake wameshika matumbo, wanamwaga makopo chini kwa kucheka, na mimi nawafokea kwamba itabidi waanze upya, huku machozi yananitoka. Katikati ya vita vile, tulikuwa tumeshinda, na bila kumwagia mtu.

Alizaa siku chache baadaye, saa sita mchana, mtoto wa kike aliyelia kwa nguvu hata mkubwa wetu akaziba masikio. Alipopata nguvu wakaondoka, shangazi mbele na jembe, yeye nyuma na mtoto mgongoni. Si wote tuliowaokoa miaka ile. Huyu tulimwokoa.

Leo mkubwa wetu amelala kwenye makaburi ya Waislamu, na mimi nimekuwa yule mzee wa kilemba, ingawa ulimi wangu haujapata utaratibu wake. Naenda maternite mara mbili kwa wiki kuwafundisha vijana. Karatasi za sasa zina mahali pa kuandika mume, zina mahali pa kuandika kila kitu. Vipimo vya mkojo vinakuja kwenye paketi. Makopo tumeyabadilisha kwa vikombe vya plastiki, lakini sheria haijabadilika: kila mama anaanza na mkojo, na hakuna anayemfuata, awe mume, mama mkwe au mama mzazi.

Mwezi uliopita, siku ya kilo, aliingia mama mmoja na binti yake mwenye mimba changa. Mama alinisalimia kwa kunipa mkono, na mkono ule ulikuwa umepinda kidogo chini ya kiwiko. Niliushika nikashindwa kuuachia. Analima mpunga Tunda, akaniambia, shamba lake mwenyewe, na shangazi amezeeka lakini bado anagombana na majirani. Binti ndiye yule aliyelia mpaka mkubwa wetu akaziba masikio. Ameolewa hapa Kindu na kijana mwenye pikipiki ya kubeba watu.

Na binti alikuwa na goti lililochubuka, na kiganja.

Damu ilinipanda kichwani. Nikachukua kikombe. Mama yake akainuka kutufuata, halafu akajikumbuka, akarudi kwenye benchi akakaa.

Nyuma ya maternite, ambako sasa kuna choo cha matofali, nilimuuliza.

"Goti hili. Ulianguka, ao uliangushwa?"

Akacheka, akacheka mpaka kikombe kikamtikisika.

"Mama alisema utaniuliza vile vile! Nilianguka, bibi. Njo kuanguka kweli. Pikipiki iliteleza kwenye matope, na bwana yangu aliumia kunishinda. Iko pale inje, umuangalie."

Nilikwenda nikamwangalia, mnisamehe, siamini mtu kwa cheko lake. Alikuwa amekaa chini ya ukuta, suruali imepasuka magoti yote mawili, viganja vimechunika, mdomo umevimba. Aliniamkia akijaribu kuinuka, akashindwa, akaguna kwa maumivu. Nikarudi ndani, nikavaa miwani, nikafungua daftari.

Nikaandika "ameanguka". Nimeliandika neno hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na siku ile, mbele ya mama wa binti, nililiandika kwa herufi kubwa.