Kiraka cha Faiba Kwenye Gari la Mzee

Jirani yangu huku ughaibuni, pale Temple Hills, alikuwa mzee Mkenya aliyefiwa na mkewe, dereva wa teksi aliyestaafu wa mji jirani wa Alexandria. Baada ya kustaafu alijinunulia gari kuukuu la fahari, jekundu, la viti viwili, ambalo bodi yake si bati bali faiba, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Aliliosha kila Jumamosi, iwe baridi isiwe baridi, na Jumapili akaliendesha mpaka kanisani kwa mwendo wa kubeba mayai.

Mimi nilikuwa fundi bodi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kabla sijawa mtu wa kuegesha magari ya wageni hotelini. Hilo mzee alilijua, kwa sababu nilimwambia kila aliyesimama karibu nami zaidi ya dakika tano.

Novemba moja, Alhamisi asubuhi, akanigongea mlango.

"Fundi, kuna mahali imechip hapo mbele. Ni trolley ya supermarket iliihit. Utanifixia before Sunday? Msichana wangu anakuja kutoka Texas."

Nilielewa haraka ya nini. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameshasema: gari likigongwa tena, anachukua ufunguo. Hii ilikuwa mara ya tatu. Bila gari lile, mzee hakuwa na kanisa, hakuwa na wenzake wa kunywa nao chai, alikuwa na televisheni tu.

Tukaenda kuliangalia. Madigadi ya kulia ilikuwa imemeguka, tundu la ukubwa wa kisahani cha chai, nyuzi nyeupe zimechomoza pembeni. Kwenye mmeguko kulikuwa na rangi nyeusi. Nguzo ya sanduku lake la barua ni nyeusi, na asubuhi ile ilikuwa imeinama. Niliviona vyote viwili.

"Hamna shida, mzee wangu. Jumapili utaikuta mpya."

Ndivyo tulivyolelewa mafundi wa kwetu. Hata ukituletea meli iliyozama, tutasema hamna shida, tuachie. Neno "siwezi" sikulisikia karakanani miaka yote niliyokaa pale, na uongo wa trolley nao niliumeza kwa sababu nilikuwa na hamu ya kazi. Nasema wazi: nilifurahi. Miaka kumi na moja nilikuwa nikipokea funguo za magari ya watu na kuyapanga mistari.

Ijumaa nikapiga msasa, nikakata sehemu iliyovunjika, nikaweka vipande vya kitambaa cha faiba kwa ndani na kwa nje. Kisha nikachanganya gundi. Gundi ya faiba haikauki yenyewe, inataka dawa ya kuigandisha, na kwa joto la Dar tulikuwa tunatia matone machache tu, kwani ukizidisha inagandia ndani ya kopo hujapaka hata kidogo. Mkono wangu ukatia matone yale yale. Sikufikiri. Nilikuwa nimevaa koti, kofia na soksi mbili mbili, napuliza mvuke mdomoni, na bado nikapima kama niko Gerezani saa saba mchana.

Jumamosi asubuhi nikagusa kiraka. Kidole kikanata.

Nikavuta waya mrefu wa umeme kutoka ndani, nikakichomea hewa ya moto kwa mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele. Saa mbili nzima. Kikawa laini zaidi. Mzee akatoka na chai, akasimama pembeni.

"Imeshika?"

"Inashika, mzee."

Alasiri nikabandua kila kitu, nikaanza upya, na kwa hasira nikamimina dawa bila kupima. Safari hii kiliganda, tena kwa fujo: kikachemka, kikatoa moshi, kikapasuka katikati na kuunguza kingo za faiba ya zamani. Tundu la kisahani likawa la sahani ya wali. Nikakaa chini kwenye saruji ya baridi. Nilikuwa nimetumia maisha yangu yote hapa nikijiambia kwamba hoteli ni ya muda, kwamba mimi ni fundi, na sasa nilikuwa na aibu hata ya kumwangalia mke wangu.

Jumapili mchana binti akafika. Nilikuwa bado nasugua kile kidonda, rangi yake kijivu cha majivu, nyuzi zimetokeza, ufa umekwenda mpaka karibu na taa. Hata mtu aliyepita barabarani angeuona. Binti akanisalimia, "Hi, Uncle," akatazama, akaniangalia usoni. Nikafungua mdomo niombe radhi, niseme kosa ni langu.

Mzee akatoka mlangoni na koti lake la kanisani. Akasimama hatua nne hivi kutoka pale, akalitazama gari lake, akatabasamu.

"Umeona?" akamwambia binti. "Nilikuambia ni kitu kidogo. Huyu Mtanzania ni fundi kabisa. Hata huwezi jua iligongwa."

Hakuwa akitania, wala hakuwa akinifichia aibu. Namfahamu anavyotania.

Binti alikuwa anaelewa Kiswahili chote, ila kukijibu hakuwezi. Akauliza taratibu, "Dad, what color is that spot?"

"Red. Si gari ni red?" Kisha akanigeukia. "Fundi, mwambie."

Wakanisubiri wote wawili. Nilitafuta ile hamna shida yangu, haikuja.

"Bado sijaipaka rangi, mzee wangu," nikasema.

Akasogea mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya kiraka, akakipapasa polepole, ufa wote mpaka kwenye taa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi bintiye bila kuombwa, akaniuliza kama nimeshakula.