Chusa Kilichopozwa kwa Mawese

Jumapili iliyopita nilikwenda Bangwe kwa kaka yangu, nia yangu ikiwa samaki, mgebuka wa kuchoma, na si kingine, nikakuta meza ya chakula imetekwa. Watoto watano walikuwa wameizunguka kwa karatasi, penseli na dadu za ajabu zenye pande nyingi kuliko maneno ya dalali. Nilizihesabu dadu zile: saba. Nikazihesabu tena: saba. Binti wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa msimulizi wa mchezo, akaniamkia vizuri, kisha kabla hata sijapata kiti akanitupia swali.

"Shangazi, wewe unajua kupima kitu kwa macho. Huyu mwenzetu anataka kuwa kibete, awe fundi wa kututengenezea silaha za uchawi. Sisi tunaona anatupotezea nafasi. Eti kibete anafaa?"

Aliyetaka kuwa kibete alikuwa mtoto wa jirani, msichana ambaye miguu yake ilining'inia bila kugusa sakafu. Aliniangalia kama mtu anayengoja kusomewa matokeo.

Ndugu yangu, swali lile si geni kwangu. Nililijibu Ujiji nikiwa darasa la sita, na nusura linipokonye kiti.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, aliyeshuka kwenye treni na sanduku moja na daftari moja nene. Ndani ya daftari alikuwa amenakili kwa mkono, tangu alipokuwa chuoni, mchezo ambao hatukuwahi kuuona. Kila mchezaji anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, mwalimu anasimulia, ukitaka kufanya jambo gumu, unavuta namba, na namba ikiwa kubwa umefaulu. Dadu za pande ishirini hatukuwa nazo, wala hatukujua kama zipo duniani. Tulikuwa na visoda ishirini, vile vizibo vya chupa za soda, ndani ya bati la maziwa, vimeandikwa moja hadi ishirini kwa rangi ya kucha ambayo mwalimu aliiazima kwa mwalimu wa Kiswahili. Kuazima huko kulikuwa na hadithi yake, wala si yetu.

Siku yangu ya kwanza niliomba kuvihesabu visoda. Vilikuwa ishirini na kimoja. Nikahesabu tena, nikakuta namba ishirini ziko mbili. Mwenzetu mmoja akaanza kuangalia dari kwa makini sana. Tangu siku hiyo nikawa mtunza bati.

Tulicheza Jumamosi barazani kwa mwalimu, tumeshiba ugali wa muhogo na sombe, na harufu ya mawese ya bibi yangu ikivuka ua na kutukalia kichwani. Viti vilikuwa vitano. Waliosimama wakingoja walikuwa wengi, na sheria ilikuwa moja: kazi yako ikiharibika, unasimama, anakaa mwingine. Mimi nilingoja wiki sita kupata kile kiti. Saba, ukijumlisha ile ya mvua.

Sasa ukikaa ilikubidi uchague kabila la mtu wako. Walikuwepo Watu wa kawaida, Warefu wa Msituni na Wafupi wa Mlimani. Warefu walikuwa wazuri, wanaimba, wanatembea bila kuacha nyayo. Wafupi walikuwa na ndevu na hasira. Wenzangu wote wanne walichukua Warefu. Nilipokawia kuchagua, yule mwangalia dari akanisaidia.

"Chukua Wafupi. Wewe hata kuigiza hutahitaji."

Walicheka, na nilikuwa mfupi kuliko wote darasani, kwa hiyo sikuwa na la kukanusha. Nikaomba daftari. Bibi yangu, ambaye aliuza mawese maisha yake yote, alikuwa na msemo: mara ya kwanza unahesabu vitu, mara ya pili unajihesabu mwenyewe. Nikahesabu.

Kutengeneza kifaa cha uchawi kulihitaji kuvuta mara tatu: chuma, moto, na nuizo, yaani maneno ya kukitia uchawi. Kila mara sharti upate kumi na mbili au zaidi. Warefu waliongezewa tatu kwenye nuizo, kwingine hawakupata kitu. Wafupi waliongezewa mbili kwenye chuma, mbili kwenye moto, wakapunguziwa moja kwenye nuizo. Jumlisha: tatu kwa tatu. Kwa hesabu ya kwanza tulikuwa sawa, na Warefu walikuwa na sura nzuri zaidi. Hesabu ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Ukishindwa kwenye nuizo, unabaki na kifaa kizima kisicho na uchawi. Ukishindwa kwenye moto, chuma chenyewe kimekufa na kiti kimekwenda. Mrefu alikuwa amelindwa mahali pasipo na hasara. Mfupi alikuwa amelindwa mahali ambapo hasara ipo.

"Nachukua Mfupi," nikasema. "Fundi."

"Mwacheni," mwangalia dari akawaambia wale waliosimama. "Mmoja wenu ajiandae kukaa."

Ilifika Jumamosi ambayo msafara wetu ulizuiliwa na mnyama wa ziwani, mwenye magamba kama mabati, aliyeziba mlango wa bandari. Warefu walimkabili na panga mbili walizozinuizia wenyewe. Panga ziling'aa sana, zikavunjika zote mbili. Msafara mzima ukanigeukia mimi. Mwalimu akasema nina siku moja ya hadithi kutengeneza chusa, mkuki wa kurusha wa wavuvi, na nikishindwa nasimama.

Chuma: nikavuta kumi na moja. Ongeza mbili, kumi na tatu. Sawa.

Moto: nikavuta tisa. Ongeza mbili, kumi na moja. Nilihesabu mara mbili na bado zilikuwa kumi na moja. Nyuma yangu nikasikia mtu akisogea kushika mgongo wa kiti changu.

Lakini daftari lilikuwa na kifungu kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukitumia: mchezaji akiieleza kazi kama mtu anayeijua, anaongezewa moja.

"Eleza," mwalimu akasema.

Nikaeleza. Unakata springi ya lori. Unaipika kwenye mkaa, unavuta mvukuto bila papara, unaifua ingali laini. Ikishakuwa chusa unakirudisha motoni, na kikifika rangi ya mawese, unakitoa na kukipoza kwenye mawese.

Baraza zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, maana kwao mawese hayakuwepo.

"Chuma kinapozwa kwa maji," akasema. "Mawese ni mboga."

"Bibi yake anauza," mwangalia dari akasema. "Anatafuta wateja."

Ng'ambo ya njia, wakati huohuo, nyundo ilikuwa ikilia. Jirani yetu mhunzi alikuwa mzee wa kutoka Kasulu, Muha ambaye baba zake walifua majembe tangu majembe hayo yakitolewa mahari. Mimi ndiye niliyemvutia mvukuto kila nilipotoka shule, na yeye kwa malipo alimnolea bibi visu. Siku ya kwanza alipoona nimetumwa mimi aliuliza, "Msichana?" Bibi akamjibu, "Ana mikono miwili. Nimeihesabu." Basi.

"Twende tukamuulize fundi," nikasema. "Akisema maji, nasimama mwenyewe."

Tukavuka, mwalimu mbele na daftari lake kwapani. Mhunzi alitutazama kundi zima, akapangusa jasho.

"Mwalimu, karibu. Leo umekuja kusoma?"

Mwalimu akamweleza shauri letu, kwa heshima, na shikamoo juu. Mzee aliokota vipande viwili vya springi moja, akaviweka kwenye mkaa, akanionyesha mvukuto kwa kidevu. Nikavuta. Sijawahi kuvuta vile. Vilipokuwa vyekundu vya kuelekea njano, akashika cha kwanza kwa koleo na kukizamisha kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Kikapiga kelele, na ndani ya kelele ile tukasikia kitu kidogo kikilia: tii. Cha pili akakizamisha kwenye kopo la mawese ya bibi. Kikaguna tu, na moshi wake ukanukia jikoni.

Akaviweka vyote juu ya fuawe. Akampa mwalimu nyundo. Mwalimu akapiga cha maji: vipande viwili. Akapiga cha mawese: kikalia kama kengele ya shule, kikabaki kimoja.

"Maji yana haraka," mzee akasema. "Chuma hiki hakipendi kuharakishwa. Nani kasema mawese ni mboga tu?"



Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimekuongezea moja," akasema. Nilidai mbili, kwa sababu ya usumbufu wa kuvuka njia. Tukaafikiana moja. Tisa na mbili na moja ni kumi na mbili. Kiti kikabaki changu.

Kwenye nuizo nilivuta nne. Ukitoa moja, tatu. Chusa changu kikatoka bila chembe ya uchawi.

"Basi ni chuma tu," mwangalia dari akasema, lakini safari hii kwa sauti ya chini, na yeye ndiye aliyepewa kukirusha maana mikono yake ilikuwa mirefu. Kiligonga magamba yaliyovunja panga mbili za kung'aa. Hakikuvunjika. Alikirusha tena, na mlango wa bandari ukafunguka.

Jumamosi iliyofuata, wawili kati ya wale wanne waliomba kubadili kabila. Sikucheka. Niliwauliza tu kama wamehesabu mara mbili.

Mwalimu alipata uhamisho, daftari likaenda naye. Mzee wetu alishatangulia mbele ya haki, na pale palipokuwa na mkaa wake leo panauzwa kava za simu. Majembe yanakuja kwenye katoni. Ukipita Ujiji baada ya Alasiri utasikia bodaboda na muziki wa kila duka, ila ile nyundo husikii, na mtoto aliyezaliwa juzi hajui kwamba kuna sauti imepungua. Kwa kile kipande ambacho hakikuvunjika, mzee alinitengenezea kisu. Ndicho ninachokatia kamba za magunia ya dagaa pale Kibirizi mpaka leo. Bati nalo ninalo. Visoda viko kumi na tisa. Nimevihesabu mara mbili.

"Anafaa," nikawaambia wale watoto. "Mrefu anakulinda pasipo na hasara. Kibete anakulinda kwenye moto."

Msichana wa jirani alikaa wima. Akarusha dadu yake, akapata namba ya kutosha, na binti wa kaka yangu akaendelea kusimulia kwa sauti ya mtu mzima: "Chuma chako kimeiva, fundi. Unakipoza kwa kitu gani?"

Mtoto alitazama wenzake. "Kwa maji?"

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Nikainuka, nikaenda jikoni kwa wifi yangu, nikarudi na chupa ya mawese na kuiweka katikati ya meza, baina ya zile dadu saba.

"Muulize mara ya pili," nikasema.